Upande wa Ndani wa Bampa

Bampa la mbele la Toyota IST likipasuka, mara nyingi hupasukia kwenye kona. Gari limepandia ukingo wa barabara, au bodaboda imeligonga kwenye foleni, au dereva amerudi nyuma bila kujua kwamba mdomo wa chini umenasa kwenye jiwe la maegesho. Ufa huanzia kwenye sikio linaloshikana na fenda na kushuka kwa mshazari kuelekea tundu la taa ya ukungu. Injini ni nzima, gari linapiga kazi kama kawaida, ila ile kona inapepea kila lori linapopita, na mwenye gari anajua kuwa iko siku itabaki barabarani.

Hapa Dar es Salaam mtu wa namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kwenda Ilala kwenye maduka ya spea za mtumba, akapate bampa jingine lililotoka Japani, kisha alipie na rangi, kwa sababu ni bahati kubwa kupata lenye rangi ya gari lake. Ya pili ni kushona. Fundi anatoboa matundu pande zote mbili za ufa, anapitisha waya au vile vikanda vya nailoni vya kufungia nyaya, anakaza. Siwadharau wanaoshona. Pwani hii imesafiri karne nyingi kwa mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na mshono wa bampa uliofanywa kwa mkono uliotulia unapendeza kuutazama. Lakini mtepe ulitakiwa unyumbuke kwenye wimbi. Bampa lililoshonwa hubaki na ufa wazi ndani ya mshono, na ufa ulio wazi hautulii. Kila tuta la barabarani linausogeza mbele kidogo.

Njia ya tatu ni kuliyeyusha na kuliunga upya, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kwenye benchi nyuma ya gereji moja ya Ilala, kumtazama mzee mmoja akifanya kazi.

Wateja humwita Fundi, vijana wa gereji humwita Mzee. Hagusi injini wala hanyooshi bodi. Kazi yake ni plastiki peke yake: mabampa, shoo (yaani grili za mbele), kava za vioo vya pembeni, plastiki za ndani ya fenda, vishikio vya taa. Chini ya turubai ana meza pana iliyofunikwa kipande cha zulia kuukuu, ili uso wa bampa wenye rangi usikwaruzwe likilazwa kifudifudi. Pembeni kuna lundo la mabampa yaliyokufa, ambalo mpita njia angelidhania takataka. Kwenye kamba kumening'inizwa mikasi, misumeno midogo, plaizi na visu ambavyo makali yake yameliwa na jiwe la kunolea mpaka vimekuwa vyembamba. Umeme unaletwa na waya mmoja mrefu kutoka ndani ya gereji.

Siku hiyo kijana mmoja dereva wa teksi ya mtandaoni alileta IST ya rangi ya fedha. Alisalimia, "Shikamoo Mzee," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," na kabla hajaanza kueleza ajali ilivyotokea, Mzee alikuwa ameshapiga magoti mbele ya gari, kiganja kimelala juu ya kona iliyopasuka. Hakukitikisa kile kipande. Alikisukuma taratibu kuelekea ndani, akakiachia, akatazama kinarudi mpaka wapi. Kipande kinachorudi mahali pake ni dalili njema, kwa maana plastiki imepasuka lakini haijavutika. Kikibaki kimejikunja, kuna kazi ya kupasha moto kabla ya kazi yenyewe.

Kulifungua bampa ndiko mafundi wenye haraka wanakovunja cha pili wakati wanaokoa cha kwanza. Juu, chini ya boneti, linashikwa na klipu za plastiki, kila moja ina kiini katikati. Ukiing'oa kwa nguvu inakatika, na klipu iliyochomwa jua la miaka mingi inakatika hata bila nguvu. Mzee aliinua kiini kwanza kwa bisibisi bapa, milimita chache tu, ndipo akaiondoa klipu nzima kwa vidole na kuitia kwenye bakuli. Boliti za chini zikafunguliwa kwa spana ya namba 10, nazo zikaingia kwenye bakuli hilo hilo. Zikabaki kona mbili. Kona ya bampa huwa imekaa kwenye reli iliyofichwa chini ya fenda, na atakayeivuta kuja mbele ataipasua. Mzee aliivuta kwa pembeni, kiganja kikiwa bapa, akisikiliza kila jino la reli linavyoachia. Upande wenye ufa aliuachia mwisho, akiwa ameukumbatia kwa mkono wa pili ili usibebe uzito wowote.

Bampa lilipotoka, hakulitazama. Alitazama lilipokuwa. Watu wengi hudhani bampa ni hiyo plastiki ya nje, kumbe hiyo ni kava tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu ya kupunguza kishindo, na nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma iliyofungwa kwenye chasisi. Hiyo ndiyo inayopokea pigo. Mzee alipitisha mkono juu ya boriti kutoka kushoto hadi kulia, kisha akapima kwa kamba umbali wa kila ncha hadi kwenye kishikio cha taa. Boriti ikiwa imepinda, plastiki iungwe vizuri namna gani haitakaa sawa, na ikilazimishwa itapasuka tena pale pale. Hii ilikuwa imenyooka. Akaitikia kwa kichwa, na kijana wa kazi akachukua ndoo.

Kuosha kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Upande wa ndani wa bampa haujawahi kuoshwa tangu kiwandani. Kuna tope lililokauka, kuna ukungu wa mafuta, kuna vumbi la breki. Lilisuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi, likasuuzwa, likasuguliwa tena, likaachwa likauke juani, kisha eneo la ufa likapanguswa kwa spiriti na kitambaa cheupe. Kitambaa kilipotoka na weusi, kilikunjwa upande wa pili na kupitishwa tena. Uchafu ukiyeyushiwa ndani ya plastiki hautoki, na kiungo chenye mafuta ndani yake ni kiungo cha jina tu.

Ndipo Mzee alipovaa miwani na kuanza kutafuta maandishi. Karibu kila kipande kikubwa cha plastiki cha gari la kisasa kina herufi zilizochorwa upande usioonekana, zikiwa katikati ya alama mbili zenye umbo la ncha ya mshale. Ukikuta PP, hiyo ni polipropilini. Ukikuta PP+EPDM, ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isivunjike ovyo, na ikifuatiwa na T20 maana yake imetiwa unga wa ulanga asilimia 20 ili iwe ngumu. Toyota wana jamii yao ya polipropilini ambayo huiandika TSOP. Shoo nyingi huandikwa ABS. Mzee anazijua herufi hizi kama mfamasia anavyozijua chupa zake, na ana sababu, kwani plastiki haikubali mgeni. Polipropilini itaungana na polipropilini, na ABS itaungana na ABS. Ukizichanganya, zitalala pamoja zikiwa moto, zikipoa zitaachana kwa kucha.

Polipropilini tunaishi nayo kila siku bila kuitambua. Viti vyeupe vya shughuli, vifuniko vingi vya chupa, viroba vya kufumwa vinavyobebea unga na mkaa, vyote vimetoka katika ukoo huo. Mtaliano Giulio Natta ndiye aliyefanikiwa mwaka 1954 kuzipanga molekuli zake kwa utaratibu unaoipa ugumu, na mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Uso wa plastiki hii hauupokei unyevu, ndiyo maana maji hujikusanya matone juu yake badala ya kutandaa. Gundi nayo inafanyiwa vivyo hivyo. Hata ile gundi kali ya haraka ambayo watu huiamini kwa kila kitu hukauka juu ya bampa na kubanduka yote kama ganda. Resini ya faiba nayo hivyo hivyo. Nimeona magari yaliyopakwa faiba kilo nzima nyuma ya bampa, na baada ya msimu mmoja ile faiba inacheza peke yake kama sahani.

Herufi zikiwa zimefutika, Mzee hukata ukucha mdogo wa plastiki kutoka ukingoni na kuuwasha kwa kiberiti. Polipropilini huwaka kwa moto wenye buluu chini na manjano juu, moshi wake ni kidogo, na ukizimwa unanuka kama mshumaa uliopulizwa sasa hivi. ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka. Wapo mafundi wanaojaribu kwa maji, kwa kuwa polipropilini tupu huelea na ABS huzama, lakini Mzee hauamini mtihani huo kwenye mabampa, na yuko sahihi. Ule unga wa ulanga huongeza uzito, na bampa la polipropilini linaweza likazama vilevile.

Alipokwisha kuisoma plastiki, alikwenda kwenye lile lundo. Hapo ndipo unapoona kuwa si takataka. Alichagua bampa lililokufa lenye herufi zile zile, akakata mkanda upande wa chini usiopata jua, akaupasua kwa mkasi kuwa vijiti vyembamba vya kukaribia upana wa njiti mbili za kiberiti. Fundi wa Ulaya hununua vijiti hivi vikiwa vimefungwa kwenye pakiti. Mzee hupata dawa kutoka kwenye mwili wa aina ile ile, na kabla ya kuitumia anaijaribu: anayeyushia kijiti kimoja kwenye pembe iliyofichika ya bampa la mteja, anasubiri kipoe kabisa, kisha anakivuta kwa plaizi. Kikitoka kizima, kinarudi kwenye lundo. Siku hiyo kijiti kilikatika katikati na mzizi wake ukabaki umeshika. Akaendelea.

Sehemu ya kona ilikuwa na bonde dogo. Mzee hakulipiga nyundo. Mafundi waliojifunza kazi enzi za Peugeot 504 na mabampa yake ya chuma cha kung'aa wanajua kunyoosha kwa kugonga, lakini plastiki ya namna hii ina kumbukumbu ya umbo lake la kiwandani, na kinachohitajika ni kuikumbusha. Kijana alimimina maji ya moto kutoka kwenye birika polepole juu ya bonde, Mzee akaingiza mkono wenye glavu kwa ndani na kusukuma, na bonde likatoka. Likamwagiwa maji baridi ili libaki hapo. Nilipitisha kidole juu yake na sikuweza kusema lilikuwa wapi.

Kisha ikaja kazi ya kulinganisha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye chuma cha moto. Kingo mbili za ufa zilikutanishwa kwa upande wa nje, upande wa rangi, na kubanwa kwa tepu ya alumini isiyoungua. Mzee alifumba macho na kupitisha ukucha wa kidole gumba kuvuka ufa, juu hadi chini. Ukucha ukikwama, tepu inabanduliwa na kuanza upya. Alibandua na kubandika mara kadhaa bila neno lolote, wala sura yake haikubadilika. Tofauti ya nusu milimita isiyoonekana kwa jicho itaonekana vizuri sana siku rangi itakapong'aa, na wakati huo hakuna wa kuirekebisha. Ukucha ulipopita bila kugundua kitu, akaligeuza bampa kifudifudi juu ya zulia.

Kwanza alishika drili. Mwisho kabisa wa ufa, pale unapopotea kwenye plastiki nzima, alitoboa tundu la milimita 3. Ufa una ncha kali, na nguvu yote ya mtikisiko hukusanyika kwenye ncha hiyo. Ukiifanya ncha kuwa duara, nguvu inatawanyika na ufa unakosa pa kwenda. Kuupata mwisho wa ufa si rahisi. Mzee alilikunja bampa kidogo dhidi ya mwanga ili ule mstari ufunguke, akaufuata mpaka ulipokuwa mwembamba kama unywele, kisha akatoboa mbele yake kidogo, kwenye plastiki iliyoonekana nzima.

Chuma chake cha kulehemu ni cha kawaida, kile cha mafundi redio, ila ncha yake ameigonga kwenye reli ikawa bapa kama kijiko kidogo. Hakina kipimo cha joto. Ncha ya chuma kama hicho inaweza kupita digrii 350, ilhali polipropilini huyeyuka karibu na digrii 160, na katikati ya namba hizo mbili ndimo kazi yote inamoishi. Moto ukizidi, plastiki inatoa moshi, inageuka rangi, inakuwa kavu kama biskuti. Ukipungua, kijiti kinalala juu tu na kung'aa kwa uongo. Kijana alikaa kwenye swichi, akizima na kuwasha kwa ishara ya kidevu. Mzee alikigusisha chuma kwenye kitambaa chenye maji, akakijaribu kwenye kipande cha chakavu, akangoja. Alichokuwa anakitafuta ni plastiki inayolainika na kung'aa bila kutoa hata uzi wa moshi. Walikuwa wamekaa mahali penye upepo na Mzee alikuwa amevaa barakoa, jambo ambalo ningependa kuliona kwenye kila gereji, kwa kuwa moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Alianza na vidonda vidogo: alichoma nukta moja ya kushikiza kwenye ufa, akaruka upana wa vidole viwili, akachoma nyingine. Hapo bampa likawa kipande kimoja tena, dhaifu lakini kimoja. Halafu akachimba mfereji juu ya ufa kwa ncha ya chuma na kisu cha moto, wenye umbo la herufi V, ukienda chini kupita nusu ya unene. Bampa lenyewe lina unene wa takribani milimita 3, kwa hiyo mkono unacheza ndani ya milimita moja na kitu. Ukichimba kidogo, kiungo hakina mizizi. Ukichimba mno, unatokea upande wa rangi.

Kijiti kikaingia kwenye mfereji. Kwa mkono wa kushoto Mzee alikisukuma mbele, kwa mkono wa kulia ncha bapa ilibonyeza, ikazungushwa kidogo, ikavutwa nyuma, ikabonyeza tena. Haikuwa kupaka. Ncha ilishuka mpaka chini ya mfereji, ikayeyusha kuta zake, ikazichanganya na kijiti, ikapanda nayo. Ukitazama kwa karibu unaona weusi wa aina mbili, ule wa bampa na ule wa kijiti, ukizunguka na kuwa mmoja. Aliunga urefu wa kidole kimoja, akaacha. Akahamia mwisho wa pili wa ufa, akaunga urefu wa kidole, akaacha. Akarudi katikati. Nilimuuliza mbona anaruka. Alisema plastiki ikipoa inasinyaa, na ukiunga mstari mzima kwa mkupuo mmoja utaona bampa linajikunja kuelekea kwako. "Haina ugomvi," alisema, "ila haipendi kuvutwa upande mmoja."

Katikati ya kila kipande alikuwa anangoja. Hakupuliza wala hakumwaga maji, maana kiungo kikipozwa ghafla hubaki na mvutano ndani yake. Alikaa na mgongo wa mkono wake ukiwa karibu na plastiki, akiusikia joto, na mpaka joto liishe hakugusa kitu. Mwenye gari alikwenda kunywa chai, akarudi, akapokea simu, akamuuliza kijana kama itakwisha leo. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba Mzee hahesabu namna hiyo.

Mfereji ulipojaa, akaweka mifupa. Wapo wenye mashine ya kuzamisha pini za moto zilizopinda kama nyoka. Mzee hutumia vipande vya wavu wa chuma kisichoshika kutu, anavikata vifupi, anavilaza kuvuka ufa na kuvibonyeza kwa chuma cha moto mpaka vimezama ndani ya plastiki, kisha anavifunika kwa kijiti kingine. Wavu wa kawaida ni rahisi zaidi, lakini ukipata maji ya mvua hushika kutu na kuvimba, na hapo unakuwa adui ndani ya nyumba.

Likabaki sikio. Lile lililoshika skrubu ya fenda lilikuwa limepotea kabisa, na bila hilo kona yote isingekuwa na pa kujishikiza. Sikio halitengenezwi kwa kijiti. Mzee alitafuta kwenye lundo bampa lenye kipande bapa cha unene unaofaa, akakikata kwa msumeno kikiwa kikubwa kuliko kinavyohitajika, akakipeleka kwenye gari na kukishikilia mahali pake. Akakichora kwa msumari. Akarudi mezani, akapunguza. Akaenda tena kwenye gari. Kila safari kilipungua kidogo, mpaka kikakaa chini ya ukingo wa fenda bila kubanwa. Ndipo alipokikwangua na kukiungia kwenye bampa pande mbili, juu na chini, akajenga na kitako kinene kwenye shina lake kwa kuyeyusha kijiti juu ya kijiti, kwa sababu hapo ndipo lile la kwanza lilipokatikia. Tundu la skrubu hakulitoboa mezani. Alisubiri mpaka siku ya kulifunga bampa, alitoboe likiwa garini, ili tundu liifuate skrubu na si skrubu ilifuate tundu. Kitu kidogo kama hicho ukikikosea, kona inabaki na pengo la unene wa sarafu milele.

Upande wa nje ulikuwa na kazi ndogo: mfereji mfupi, ujazo mwembamba, basi. Kulainisha ndiko kulikohitaji adabu. Polipropilini ikisagwa kwa grinda ya kasi haitoi unga. Inapata joto na kutoa manyoya, na kadiri unavyosaga manyoya yanazidi. Mzee alikwangua kwa kisu kikali alichokishika karibu wima, akavua nyuzi nyembamba zilizojikunja, kisha msasa namba 80 kwa mkono, 180, na 320 wenye maji. Manyoya machache yaliyobaki aliyapitishia hewa moto kwa mbali, yakajikunyata na kutoweka. Puti aliyopaka ilikuwa ile laini ya plastiki, na ilikuwa nyembamba kiasi kwamba rangi ya chini ilionekana. Puti ya mabati ni ngumu. Bampa likinyumbuka yenyewe haiwezi kunyumbuka, na inapasuka kwa mistari.

Rangi si kazi yake. Bampa lilipelekwa kwa mpiga rangi wa jirani, na Mzee alikwenda nalo kwa sababu moja tu: kuhakikisha kwamba ile praima ya plastiki, maji maji yasiyo na rangi yanayoifanya polipropilini ikubali kushikwa, imepulizwa kabla ya praima ya kawaida. Wapiga rangi wengine huiruka kwa kuwa haionekani. Gari lililorukwa utalitambua barabarani: rangi ya bampa imebanduka vipande vipana na chini yake plastiki ni safi kabisa.

Yapo asiyoyapokea. Alikuja mtu na tangi la juu la rejeta lenye ufa, akamrudisha. Hilo ni nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, linabeba maji ya moto sana yenye shinikizo, na likiachia barabarani linaua injini. Hagusi plastiki yenye mfuko wa hewa nyuma yake. Kwenye magari mapya yenye rada ya kupima umbali nyuma ya bampa, huuliza rada iko wapi kabla ya kukubali, kwa kuwa wavu wa chuma na puti mbele yake vinaweza kuipofusha. Namheshimu kwa hayo sawasawa na ninavyoiheshimu mikono yake. Ni mtu mwenye wateja wasio na pesa nyingi, na ingekuwa rahisi kuwaambia wote kwamba inawezekana.

Bampa lilirudi garini likiwa na rangi na klia vilivyokauka. Klipu zilitoka kwenye bakuli lile lile, zile mbili zilizochoka zikabadilishwa. Kona ziliingia kwenye reli jino kwa jino. Mzee alitoboa tundu kwenye sikio jipya, akakaza skrubu kwa mkono mpaka ilipogota, akaongeza robo mzunguko, akaacha. Kisha alipiga magoti pale alipokuwa amepiga siku ya kwanza na kupitisha ukucha kwenye pengo kati ya bampa na fenda, kushoto, halafu kulia. Mapengo yalilingana.

Kijana alilipa, akashukuru kwa mikono miwili, akauliza kama akigonga tena pale itashika. Mzee alimwambia kiungo kitashika, ila plastiki ya pembeni yake inaweza kupasuka, maana hiyo ni ya zamani na imekula jua. Akamwelekeza asiliingize gari mpaka liguse jiwe la maegesho, na wiki hiyo asilipeleke kwenye mashine za kuosha kwa maji ya nguvu. Kwenye meza, kijana wa kazi alikuwa ameshalaza kava la kioo cha Toyota Noah kifudifudi, na alikuwa anaitafuta miwani ya Mzee ili herufi zisomwe.